Soseji ya kuvikwa bekoni kwa moshi: ununue grili ya duara ama upeleke pipa kwa fundi?

Shemeji yangu wa Kisumu ana pipa. Mimi hapa Nakuru nina grili ya duara, ile imekaa kama chungu kimefunikwa na chungu kingine, na tangu Pasaka moja tulipikia watu pamoja hatujawahi kukaa meza moja bila hii stori kurudi, ati nani kati yetu alitupa pesa. Na juu kuna watu wananiuliza waende na gani kabla Disemba ifike, wacha niseme vile nimeona kwa macho yangu, nikipima na kitu kimoja tu, soseji iliyovikwa bekoni ikaiva kwa moshi. Sipimi na mbuzi. Mbuzi utamchoma hata kwa mawe matatu na bado ataliwa hadi mifupa inyonywe, kwa hivyo hawezi kukuonyesha makosa ya jiko.

Hii soseji nayo haisamehe. Ndani kuna nyama ya kusaga inayotaka joto la pole, ukiiharakisha ngozi inapasuka, mafuta yanamwagika yote na unabaki ukitafuna raba ya shule. Nje kuna bekoni, na bekoni inataka joto kali angalau mwishoni, la sivyo inabaki laini na inavutika kwa meno ukiuma, inatoka yote kama soksi na soseji inabaki uchi mkononi. Vitu viwili, ndoa moja, kila mmoja na matakwa yake. Sasa ukienda kununua jiko usiulize kwanza chuma ni kizito aje ama limetoka nchi gani, uliza kama linaweza kukupa moto wa pole saa nzima alafu likupe moto mkali dakika tano za mwisho bila kukuunguzia kila kitu.

Tuanze na yangu. Grili ya duara ilianzia Marekani mwaka wa 1952, jamaa anaitwa George Stephen alikuwa akifanya kazi Weber Brothers, kiwanda cha vyuma huko Chicago, na moja ya vitu walikuwa wanatengeneza ni maboya ya kuelea ziwani. Alikuwa amechoka na jiko la wazi, upepo na majivu kila wikendi, akachukua boya akalikata mara mbili, chini akaweka miguu, juu ikawa mfuniko. Yaani hii kitu ilizaliwa kupigana na upepo. Mtu wa Nakuru anaelewa hiyo bila kuelezwa, jina la mji lenyewe husemwa limetoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi, na ukijaribu kuchoma nyama bila mfuniko mwezi wa pili saa nane mchana utakula hilo jina likiwa juu ya nyama.

Kazi yake yote iko kwa matundu mawili. La chini linaingiza hewa, hilo ndio usukani, ukilifungua moto unapanda na ukilibana unashuka, na hauhitaji kulisogeza sana, upana wa kidole unatosha kubadilisha kila kitu baada ya dakika kumi. La juu linatoa moshi, na hapa ndio wengi tunakosea, tunalifunga tukidhani tunahifadhi moshi ndani. Moshi ukikwama unakuwa mchungu, unapaka nyama masizi. Acha la juu wazi, na ugeuze mfuniko hilo tundu likae juu ya nyama, makaa yakiwa upande ule mwingine, ili moshi ulazimike kupita kwa soseji ukienda nje.

Vile mimi hufanya: makaa upande mmoja tu, upande wa pili chini ya wavu naweka trei ya foili na maji kidogo ya kushika mafuta ya bekoni, soseji zinakaa juu ya hiyo trei na haziguswi na moto. Joto la nyuzi 120 hivi, saa moja na robo kwa soseji mbichi za kawaida, na sifungui mfuniko kila dakika tano kuonyesha wageni. Zikishaiva ndani ndio nafungua tundu la chini lote, natoa mfuniko na kuzisogeza juu ya makaa nikizizungusha na koleo, dakika mbili, tatu. Hapo usiende kuchukua soda. Mafuta yakidondoka moto unaruka hadi kwa nyusi, lakini uzuri wa hii grili ni kwamba ukirudisha mfuniko moto unakosa hewa na unalala. Hiyo pole-alafu-kali nilikuwa nasema, hapa unaipata kwa mkono mmoja.

Ubaya wake nao upo na sitaficha. Ile ya kawaida ina upana wa sentimita 57, na ukishatoa nusu ya makaa unabaki na nafasi ya soseji kumi na tano zikipumua, ukibana kumi na nane. Majivu yakijaa chini yanaziba tundu na moto unakufa ukidhani ni makaa mabaya. Na bei, mazee. Pesa ya moja original inakununulia pipa la fundi, na mbuzi juu.

Pipa ndio hili lenyewe unalijua, drum ya lita 200 iliyokatwa kwa urefu, bawaba nyuma, miguu ya angle line, wavu wa nondo ndani. Shemeji alitengenezewa na fundi karibu na soko la Kibuye na anaringa nalo kama gari. Ile Pasaka nikabeba grili yangu kwa buti ya Probox kupitia Kericho hadi kwake Mamboleo, tukaziweka zote nyuma ya nyumba, bekoni moja, soseji moja, makaa ya gunia moja.

Aliponiona nikipanga zangu kumi na tano akasimama hapo mikono kiunoni.

"Shem, hii ni ya kupikia watu ama wanasesere?"

"Na hiyo yako shem, fundi alikuambia mfuniko ni wa kufunga ama wa urembo?"

Juu mfuniko wake ulikuwa na nafasi unaweza kupitisha sahani. Hilo ndio tatizo la mapipa mengi, sio yake tu: likikatwa na grainda chuma kinajipinda kidogo, nusu mbili hazikutani tena vizuri, hewa inaingia kila mahali na hakuna tundu la kuongoza moto. Unapata joto lile makaa yanataka kukupa, sio lile unataka. Zake upande wa makaa zilikuwa nyeusi dakika ya ishirini, za katikati zilikuwa tamu kabisa nakubali, bekoni imekauka inalia kwa meno, na za mwisho kule kwa kona zilikuwa zimepashwa tu, nikakata moja ikawa bado inang'aa ndani kama mbichi maana ilikuwa mbichi. Akawa anazizungusha kutoka huku hadi kule kama mtu anapanga viti vya matanga.

Kuna mama jirani anayekausha samaki kwa moshi, mbuta na fulu, amefanya hiyo kazi miaka mingi. Alikuja akaangalia pipa, akaangalia grili, hakusema kitu kwa muda, alafu akatuambia, "Wanangu, nyinyi mnachoma. Moto kama huu ni wa chai." Akamwambia shemeji atoe nusu ya makaa, ayasukume yote mwisho mmoja, na aache bekoni mbali. Alichukua dakika moja kumfundisha kitu mimi nilikuwa nimehubiri asubuhi nzima bila kusikizwa.

Na baada ya hapo pipa likaanza kufanya kazi kweli. Drum ina urefu wa karibu sentimita 88, ukiweka moto mwisho mmoja una nafasi nzuri ya joto la pole kule kwingine, na bado soseji arobaini zinatoshea. Zangu zilikuwa bora, hata yeye alisema, kimya kimya. Lakini ziliisha kwa dakika tatu na nyumba ilikuwa na watu zaidi ya thelathini, nikabaki nasubiri saa nyingine na robo kwa raundi ya pili huku watoto wananiangalia, wakati pipa linatoa tu. Kwa hivyo kama nyumbani kwenu mkikutana ni kijiji kizima, na kule magharibi hiyo ndio hali ya kawaida, grili moja ya duara itakuaibisha.

Ukiamua pipa basi mambo matatu uyaseme kwa fundi kabla hajawasha grainda. Uliza drum ilikuwa imebeba nini, chukua ya mafuta ya kupikia ama juisi, ya kemikali achana nayo hata akikuapia ameiosha, na yoyote ile uiwashie moto mkubwa wa kuni mara ya kwanza bila nyama hadi rangi ya ndani iishe. Mwambie akuwekee ukanda wa bapa pembeni ya mfuniko ufunike ile nafasi. Na atoboe matundu mawili yenye vifuniko vya kusukuma, moja chini upande wa makaa, moja juu upande wa nyama. Wavu usiwe wa mabati wala waya wa zinki, hiyo zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu, chukua nondo za kawaida.

Jiko la kawaida la makaa, hili la udongo ndani na bati nje? Inawezekana, nimefanya nikiwa bachela. Ule mlango wa chini wa majivu ndio tundu lako la hewa, unaubana, juu unaweka wavu na kufunika na sufuria kubwa iliyopinduliwa. Soseji nne, moto uko moja kwa moja chini yao, kwa hivyo pole hupati, unapata tu kali na kali kidogo. Ni sawa kwa kuonja kama hii kitu unaipenda kabla ya kutoa pesa. Ufanyie nje tu, hata kukiwa na baridi ya Julai, juu hewa ya makaa ndani ya nyumba imefungwa inaua watu na haina harufu ya kukuonya.

Makaa sasa. Makaa ya miti, haswa ya mgunga, yanawaka moto mkali na ni safi, lakini vipande havilingani, kimoja kama ngumi kingine kama kokoto, kwa hivyo joto linapanda na kushuka. Briketi zinalingana, na kwa grili ya duara unaweza kuzipanga mbili mbili kuzunguka ukingo kama nyoka, unawasha kichwa tu na moto unatambaa wenyewe masaa kadhaa bila wewe kuongeza kitu. Kwa soseji za saa moja nyoka ni mrefu kuliko safari, hiyo wekea ile rola kubwa ya nyama ya kusaga inayofumwa bekoni kama mkeka, inayotaka masaa mawili na zaidi. Briketi zina majivu mengi, haswa zile zimechanganywa udongo, na kwa grili ya duara nimeshasema majivu yanaenda wapi. Kwa pipa haijalishi.

Hapa Nakuru kuna briketi pia zinazotokana na kampuni yetu ya maji na maji taka, NAWASSCO, zimetengenezwa na taka za choo na vumbi la mbao. Usikunje uso, zinachomwa kwa joto kali zikawa makaa kabisa kabla ya kuviringwa. Nilimwambia shemeji hiyo siku tukiwa tunakula, na ingawa pale tulikuwa tumetumia makaa ya gunia, aliweka soseji chini akaniuliza mara mbili.

Usiwashe na mafuta ya taa. Bekoni inanyonya ile harufu na kesho utaicheua. Karatasi na vijiti vikavu, ama mkebe mrefu uliotobolewa chini, ujaze makaa, karatasi chini, dakika kumi na tano yako tayari.

Miti ya moshi nitaisema haraka juu ni kitu cha kila boma: mwembe, mpera, mparachichi, machungwa, yote ni poa, kavu, vipande viwili vitatu saizi ya ngumi, hakuna haja ya kuloweka. Mwembe una ladha nzito kidogo, mpera ndio wangu. Unatafuta moshi mwembamba wa rangi ya samawati, ukiona mweupe mzito kama wa treni ngoja kwanza kabla ya kuweka nyama. Miti yenye utomvu na mafuta kama saipresi, pine na mikaratusi acha kabisa. Hii nilijifunza kwa aibu, mara yangu ya pili nilichukua mabaki ya saipresi kwa seremala nikidhani mti ni mti, nikaalika wazee wawili wa kanisa, na mmoja alitafuna polepole sana alafu akaniuliza kwa upole kama nimepaka nyumba rangi hivi karibuni.

Bekoni ukienda supamaketi utakuta ya mgongo na ya tumbo. Ya mgongo ni pana, ina nyama nyingi, inaonekana ya maana kwa pakiti, na kwa kazi hii ni mbovu, haina mafuta ya kutosha kwa hivyo inakauka na kujikunja kabla soseji haijaiva. Ya tumbo, ile ya mistari, ndio unataka. Ilaze kwa ubao, uivute na mgongo wa kisu hadi iwe ndefu na nyembamba, kisha uizungushe kwa soseji kuanzia kichwa, kila mzunguko ukikanyaga ule wa nyuma kidogo, umalizie na kijiti cha meno kila mwisho. Ukiizungusha bila kuivuta itarudi nyuma ikipata joto na kuacha mapengo. Chumvi usiongeze, bekoni imeshatiwa na soseji imeshatiwa. Sosi yenye sukari ama asali ni dakika za mwisho tu. Kwa rafiki asiyekula nguruwe kuna bekoni ya ng'ombe, inakauka haraka kwa hivyo ipake mafuta kidogo, na umpikie kwa wavu na koleo tofauti, usimdanganye.

Soseji yenyewe nayo, smoki zile za pasua za barabarani tayari zimeiva na zimepata moshi kiwandani, unachopika hapo ni bekoni tu, nusu saa ya joto la juu kidogo na umemaliza, na hizo kusema kweli ndio zinafaa pipa zaidi juu hata likikupiga joto kali hakuna kitu kibichi ndani. Soseji mbichi ndio zinataka grili ya duara na subira, na ndani lazima zifike nyuzi 71, hasa kule magharibi ambako tegu wa nguruwe ni jambo linalojulikana. Usiangalie rangi. Dawa ya kuhifadhi bekoni na moshi vyote vinaacha wekundu wekundu hata nyama ikiwa imeiva kabisa, na watu wanarudisha soseji nzuri kwa moto hadi zinakufa. Nunua themomita ya kudunga, ni pesa kidogo kuliko pakiti chache za bekoni. Kile kisaa cha mfuniko kinapima hewa ya juu, sio pale nyama iko.

Na ukitaka kujua kama hiyo themomita inasema ukweli, idunge kwa maji yanayochemka, lakini usitarajie 100. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, Kisumu ni kama 96. Mimi nilikuwa nimeshatupa moja kwa taka nikidhani ni feki kabla ya mtoto wangu wa shule kunieleza.

Kwa hivyo familia ya watu sita hadi kumi, plot ndogo, upepo, na unapenda soseji mbichi zilizoiva vizuri: duara, hata ya mkono wa pili, mradi mfuniko unakaa na matundu yanasonga. Watu ishirini kuenda juu, ama unataka kuuza: pipa, lakini lile lenye mfuniko wa kufunga.

Shemeji yeye amepata njia ya tatu. Alikuja Nakuru mwezi uliopita na tepu ya kupima, akapima mdomo wa grili yangu, akacheka peke yake. Kumbe drum ikisimama wima, bila kukatwa kwa urefu, mdomo wake ni karibu sentimita 57 hizo hizo. Ameenda kutobolewa drum nyingine, makaa chini kabisa, wavu juu mbali na moto, na mfuniko wangu unakaa pale juu, kuna nafasi kidogo ameziba na foili. Ananitumia picha kila Jumapili, soseji zimepangwa duara, bekoni imekauka vizuri kabisa, siwezi kubisha. Nimemuuliza mara tatu mfuniko unarudi lini na kila mara ananiambia, "Shem, kuja ule kwanza."